Upande Anaokaa Bibi

Maneno yalianzia kwenye tanuri, kama maneno mengi ya kijiji kile. Bi Sanavbar alikuwa ameinama, mkono umezama ndani ya tanuri mpaka begani, akibandika mikate, na mjukuu wake alikuwa amepakatwa na jirani yake Hosiyat. Hosiyat humpakata mtoto kama mtu anayechagua tikiti sokoni: humgeuza, humpima uzito, humgonga kidogo asikie sauti. Siku hiyo alimvua mtoto kofia, akanyamaza. Hosiyat kunyamaza si jambo la kila siku. Hata kuku waliinua vichwa.

"Shoga," akasema mwishowe, "kichwa cha huyu mtoto kimelala upande."

"Ulitaka kisimame?"

"Sikutanii. Njoo uone. Nyuma huku kulia pamebonyea kama donge la unga lililowekewa sufuria juu. Na sikio la kulia limetangulia mbele, la kushoto linalifuata kwa mbali."

Bi Sanavbar aliutoa mkono tanurini, akajipangusa jasho. "Vichwa vyetu sote vimelala. Chako ukikiegemeza ukutani hapapiti hata kisu."

"Changu kimelala sawasawa," Hosiyat alijibu bila kukasirika. "Changu ni ukuta. Cha mjukuu wako ni mteremko."

Ni kweli, pale kijijini, juu kidogo ya mji wa Isfara, kila kichwa kwa nyuma ni ubao, na hakuna aliyewahi kuona ajabu. Mtoto akitoka arobaini hutiwa kwenye gahvora, kitanda chake cha mbao cha kubembea. Hulazwa chali, mikono na miguu ikabanwa kwa mikanda ya kitambaa, kimwanzi kikategwa kati ya mapaja ili mkojo uteremke kwenye kopo chini, na humo hushinda akibembezwa mpaka nyuma ya kichwa ikubali. Kichwa bapa ni uzuri. Kofia hukaa, kitambaa hakitelezi, na mtu akichoka ana pa kuegemea. Lakini bapa la upande mmoja ni habari nyingine. Hilo ni kama nyumba iliyojengwa na fundi mwenye haraka ya kwenda harusini, tena kwa mtoto wa kike, ambaye siku moja watu watakaa wamsuke nywele na waseme.

*

Mchana ule chumba kilikuwa na giza la kiangazi, lile la mapazia yaliyoteremshwa ili joto libaki nje lijipikie lenyewe. Harufu ya aprikoti zilizoanikwa ilishuka kutoka paani, tamu na nzito, kama mtu amekukalia kifuani na chungu cha asali. Gahvora ilisimama ubavuni mwa ukuta, imefunikwa mashuka yake, na upande wa pili wake alikaa Bi Sanavbar mahali pake: mgongo kwenye mto, mkono mmoja juu ya gahvora, macho mlangoni. Kutoka hapo alimwona anayeingia na anayetoka, mkamwana ameshuka paani saa ngapi, na kuku wa nani yumo kwenye mboga za nani. Serikali yote ya nyumba ile ilikaa juu ya godoro lile jembamba.

Alibembeza na kuvumisha wimbo usio na maneno, ule unaomlaza mwimbaji kabla ya anayeimbiwa. Saa kama zile nyumba nzima huelea. Sakafu ilianza kwenda taratibu, kama jani kwenye mfereji. Marehemu mumewe akapita na jembe begani, asisalimie, kama kawaida yake. Mti wa lozi ukaingia chumbani ukaomba maji. Alipofumbua jicho, mtoto alikuwa anamtazama.

Anzurat alikuwa na miezi mitatu na nusu. Kichwa kimegeukia kulia, kwa bibi yake, kama jana, kama juzi. Bi Sanavbar alikisukuma kwa kidole kielekee ukutani. Kikaenda, kikarudi, kama mlango wenye springi. Akamvua kofia, akapapasa. Hosiyat alikuwa na ulimi mbaya, lakini macho yake hayakuwa na kasoro.

Oyniso aliposhuka kunyonyesha, vidole vyote vya rangi ya chungwa na vimenata utomvu wa matunda, alimkuta mama mkwe wake ameishika kofia mkononi.

"Mbona kofia haivuliwi siku hizi?"

"Upepo, Mama."

"Upepo. Mwezi wa sita."

Oyniso alipiga magoti, akainama juu ya gahvora na kumpa mtoto ziwa bila kumfungua, kwa upande ule ule wa bibi, kwa sababu upande wa pili ni ukuta. Alikuwa na miaka ishirini na miwili na tabia ya kujibu baada ya watu kusahau swali.

"Nimeona tangu wiki mbili," akasema. "Niliogopa. Gahvora imetoka kwetu. Nikajua itasemwa kwamba mama yangu ameleta gahvora mbovu."

"Nani angesema maneno kama hayo?" alishangaa Bi Sanavbar, aliyekuwa tayari ameshayapanga mdomoni moja baada ya jingine.

Jioni Fayzullo, mume wa Oyniso, alipiga simu kutoka Urusi, kule anakojenga maghorofa ya watu wengine. Tangu mtoto azaliwe alikuwa anamwona kwenye kioo cha simu tu, naye Oyniso alizoea kumvalisha kofia kwanza. Safari hii hakumvalisha. Fayzullo alitazama, akaomba mtoto ageuzwe, akakata simu. Baada ya nusu saa akarudi.

"Nimesoma. Moscow wana kofia ngumu za plastiki, mtoto anavaa miezi kadhaa kichwa kinanyooka. Laki mbili za rubli."

"Laki mbili," alisema mama yake, "hiyo kofia ina mtu ndani?"

"Mama, acha. Nilikuwa nirudi mwezi wa kumi. Basi sirudi. Nitafanya kazi msimu wa baridi na masika, tutaipata."

Oyniso alikuwa amekaa nje ya kioo, ambapo mume hamwoni. Aliweka kiganja juu ya mkeka kama mtu anayezuia karatasi isipeperuke.

*

Nesi Muyassar wa zahanati alikuwa binti wa kijiji hicho hicho. Utotoni Bi Sanavbar aliwahi kumkimbiza na ufagio kwa ajili ya cheri. Mambo kama hayo hayasahauliki, na wote wawili waliheshimiana kwa sababu yake. Alikipima kichwa cha Anzurat kwa chuma chenye mikono miwili, mfano wa koleo la kushikia mkaa, kutoka paji upande huu hadi kisogo upande ule, kisha akavuka.

"Mshazari mmoja umezidi mwenzake milimita kumi na nne."

"Ni ugonjwa, dada?" aliuliza Oyniso.

"Si ugonjwa, na akili yake iko salama. Ni kichwa laini kilicholalia mahali pamoja siku nyingi. Shingo nimeijaribu, inakwenda pande zote, ila imezoea mmoja. Ukilaza chungu kibichi upande, chenyewe kingefanyaje?"

"Baba yake anataka kununua kofia ngumu."

"Asinunue kitu bado. Umri huu kichwa kinakua kila siku. Kikipewa nafasi, kinajisawazisha. Nitampima tena baada ya wiki tatu, kisha mwezi wa nane. Ikishuka vizuri, habari ya kofia imekwisha. Isiposhuka, nitawaandikia barua kwa daktari wa mjini, na hapo Fayzullo atajua la kufanya."

"Hosiyat anasema tumkande kwa mafuta ya mkia wa kondoo," alisema Bi Sanavbar, "tubonyeze pale palipotokeza. Halafu alalie mto wa mtama."

"Mafuta hayo apikie pilau. Msibonyeze popote, na mto asiwekewe. Sikilizeni. Akilala, alale chali, hilo msibadilishe, lakini bila mikanda, juu ya godoro gumu, na kichwa leo mkielekeze huku, kesho kule. Akiwa macho, atoke. Mbebeni. Mlazeni kifudifudi mbele yenu, dakika chache chache, mara nyingi kwa siku, mtu akimwangalia. Sasa niambieni, anapenda kugeukia wapi?"

"Kwangu," alisema Bi Sanavbar, na kidevu chake kilipanda kidogo.

"Na wewe unakaa wapi?"

"Mahali pangu."

"Kila siku?"

"Miaka thelathini."

Muyassar alikitazama kichwa, akamtazama bibi. Bi Sanavbar alihisi kidevu kikishuka chenyewe.

"Igeuzeni gahvora," alisema nesi kwa upole, "kichwa kiende palipo miguu."

"Miguu ya mtoto ielekee kibla? Siku ya kiyama utasimama wewe unijibie?"

"Basi isigeuke gahvora. Geuka wewe. Isogezeni kutoka ukutani, wewe uhamie upande wa ukuta."

"Huko mashuka ya gahvora yatanikinga, sitauona mlango."

"Utamwona mtoto."

*

Siku nne za kwanza nyumba ile ilitii kama jeshi. Gahvora ilisogezwa katikati ya chumba, mikanda ikaning'inizwa, mtoto akalazwa kifudifudi juu ya mkeka. Anzurat alisugua pua chini, akainua kichwa kadiri ya unene wa ukucha, kikaanguka, akalia kama mnunuzi aliyepunjwa. Oyniso alimnyanyua, akambembeleza, akamlaza tena. Halafu aprikoti ziliiva zote kwa pamoja, kama zilizoambizana. Aprikoti haingoji mtu. Leo ni tunda, kesho ni maji na nyuki. Oyniso akawa wa paani tangu alfajiri, akizipasua kwa vidole gumba, akitoa kokwa na kuzipanga juu ya mikeka, na chini akabaki Bi Sanavbar na kilio.

Ni rahisi kusema mtoto asifungwe. Kwa kusema, hata mlima unahamishika. Siku ya tano, mtoto amelia mpaka sauti imekwaruza, Bi Sanavbar alijiambia: robo saa tu, apumzike. Akamlaza kwenye gahvora, akamfunga mikanda kwa mikono iliyokwishafunga watoto wanne wakawa watu. Anzurat akashusha pumzi. Bi Sanavbar naye akashusha pumzi, akaisukuma gahvora ikarudi ukutani, akakaa mahali pake. Mlango ulikuwepo pale pale, na uani kuku wa Hosiyat alikuwa kwenye mboga. Akavumisha wimbo.

Robo saa ile iliendelea mpaka alasiri. Bibi alielea, mtoto alielea. Mapazia yalikuwa ya dhahabu kwa jua la nyuma yake, na harufu ile tamu iliwafunika wote wawili kama blanketi moja. Katika usingizi aliota amelala yeye ndani ya gahvora, amebanwa vizuri, na mtu mkubwa asiyemfahamu anambembeza, na hakuna lolote analotakiwa kulifanya duniani. Alipoisikia ngazi ya paani ikilia, aliruka. Mikanda ikafunguka, gahvora ikarudi katikati, mtoto akatua mkekani. Kwa umri wake, alikuwa mwizi mwepesi.

Ikawa hivyo kesho yake, na keshokutwa. Hakujiona anavunja sheria. Alijiona anaizunguka tu, apite mlango wa uani.

*

"Kumi na nne," alisema Muyassar baada ya wiki tatu, akapima upya. "Kumi na nne ile ile."

Siku hiyo zahanati ilijaa. Wanawake sita walikaa kwenye benchi, na mlango wa nesi haufungiki tangu tetemeko la ardhi.

"Mlifanya nilivyosema?"

"Tulifanya," alisema Oyniso.

"Kila siku? Alikuwa nje ya mikanda?"

"Kila siku, dada."

Muyassar alikunja mkono wa blauzi ya mtoto. Juu ya kiwiko palikuwa na mstari mwekundu, na mwingine chini yake, wa upana wa mkanda, wa asubuhi ile ile. Oyniso aliutazama. Mtu angeweza kumwona akikokotoa: saa ngapi alipanda paani, saa ngapi alishuka, jinsi mtoto alivyokutwa kila siku mkekani ametulia na mashavu ya usingizi. Aliinua macho kwa mama mkwe wake, mara moja tu. Kisha akayashusha.

"Nisamehe, dada," akamwambia nesi. "Ni mimi. Kazi ya aprikoti ilinishinda nikawa namfunga."

"Ilikushinda," alisema Muyassar, na sauti yake haikuwa tena ya upole. "Mimi naongea na nani hapa? Mwezi wa nane ndio wa mwisho, baadaye mfupa unakaza. Huyu hatakuja kukuuliza habari za aprikoti, atakuuliza habari za kichwa chake."

"Mabinti wa siku hizi," lilisema benchi. "Simu haitoki mkononi." "Na mama mkwe mzima yumo ndani, angeuliza tu." "Maskini Bi Sanavbar, amepata mkamwana wa kutazamwa tu, kama picha ukutani."

Bi Sanavbar alikuwa amebakiwa na meno sita na ulimi mmoja ambao tangu azaliwe haujawahi kukosa kazi. Siku ile ulilala. Aliitazama picha ya chanjo ukutani kama aliyeambiwa atahojiwa juu yake.

Njia ya kurudi inafuata mfereji, chini ya miti mirefu ya popla. Oyniso alitembea hatua mbili nyuma, mtoto begani, kama inavyompasa mkamwana. Maji yalikwenda pamoja nao bila kelele. Joto lilifanya njia itetemeke kwa mbele, na ikawa kama wanatembea bila kufika, na miti ile ile inawapita mara ya pili.

"Sema basi," alisema Bi Sanavbar.

"Niseme nini, Mama?"

"Nitukane. Kidogo tu. Njia haina mtu."

Oyniso alimhamishia mtoto bega la pili. "Nimekaa na mume wangu siku kumi na tisa baada ya harusi. Akiongeza mwaka, nitakuwa nimemjua kwenye simu zaidi kuliko chumbani. Sina tusi, Mama. Nimechoka tu."

Bi Sanavbar alisimama. Akakaa juu ya jiwe, akavua viatu, akatumbukiza miguu majini. Aliitazama miguu yake kwa muda mrefu. Ndani ya maji ilionekana ya mtu mwingine, kijana kidogo. Kisha akaitoa, akavaa viatu.

"Tangulia nyumbani," akasema. "Nimesahau kitu."

Alipanda tena kilima chote, jua likiwa utosini, na alipofika zahanati hakuwa na pumzi ya mapambo. Wanawake sita walikuwa watano. Alisimama mlangoni, mkono kwenye mwimo.

"Muyassar. Ile mikanda nilifunga mimi. Kila siku, tangu siku ya tano. Mkamwana wangu alikuwa paani na hakujua." Akageukia benchi. "Na sasa, nani alikuwa anasema habari ya simu?"

Benchi lilitazama picha ya chanjo.

"Kwa nini, mama?" aliuliza Muyassar.

Bi Sanavbar alitafuta neno la kuchekesha, hakulipata. "Akinyamaza," akasema, "nadhani ananipenda."

*

Siku hiyo hiyo aliivingirisha mikanda, akaitia sandukuni, ufunguo akampa Oyniso. Alihamisha mto wake mpaka upande wa ukuta. Serikali ikaanguka bila risasi. Kutoka kule hakuona mlango wala ua wala kuku. Watu waliingia na kukaa na kunywa chai nusu kikombe kabla hajajua ni nani. Oyniso alianza kuingia na kutoka kama mtu wa nyumbani. Mwanzoni Anzurat aliendelea kugeukia kulia, kwenye nafasi iliyoachwa wazi, akaitazama kwa mshangao. Bi Sanavbar alimwita kutoka ukutani. Alimwita kwa jina, kwa ulimi, kwa kijiko na bakuli. Siku ya tatu kichwa kile kidogo kilianza safari yake, kikafika katikati, kikapumzika, kikavuka.

Kifudifudi ndiko kulikokuwa kugumu. Mtoto alikuwa peke yake huko chini, na upweke ndio aliokuwa akiulilia. Hilo Bi Sanavbar alilielewa bila nesi. Basi akashuka. Alishuka kwa awamu, kama ngamia anayepigishwa magoti: goti, mkono, goti la pili, jina la Mungu, tumbo. Akatua uso kwa uso na mjukuu wake, pua kwa pua. Anzurat alisahau kulia. Hakuwa amewahi kuuona uso ule ukiwa chini pamoja naye. Siku zote ulikuwa unaning'inia juu kama mwezi. Aliinua kichwa autazame vizuri. Kikakaa juu kwa muda wa kuhesabu mpaka nne.

"Ehe," alinong'ona bibi. "Wewe na mimi, nani atachoka kwanza?"

Kutoka chini nyumba ni nyingine. Miaka thelathini alikuwa anaitawala na hajawahi kuuona upande wake wa chini: chini ya kabati mlilala mkasi mdogo uliomfukuzisha fundi cherehani mmoja kwa tuhuma ya wizi, sisimizi walibeba punje ya sukari kwa pamoja kama watu waliobeba jeneza lenye furaha, mwanga ulipita chini ya pazia, ukatambaa juu ya mkeka mpaka vidoleni. Bibi na mtoto waliufuata kwa macho, kushoto kisha kulia. Saa hazikuwepo. Dakika tano zikawa saba, saba zikawa kumi. Asubuhi, kabla ya joto, Oyniso alimchukua mtoto paani kwenye shali mgongoni, na kutoka huko Anzurat alitazama milima pande zote kama mtu anayetaka kuinunua.

Fayzullo alipiga simu, akaambiwa mama yake yuko chini.

"Chini wapi? Ameanguka?"

"Amelalia tumbo," alisema Oyniso. "Ndiyo kazi yake siku hizi."

*

Mwezi wa nane, aprikoti zimekwisha kukauka na kijiji kizima kikiwa kimechoka hadi kwenye mifupa, Hosiyat alikuja mchana pamoja na wifi yake mnene. Waliingia bila kuonekana, kama kila mtu siku hizi, wakamkuta Bi Sanavbar amejinyoosha mkekani mbele ya mtoto.

"Kumbe ni kweli," alisema Hosiyat. "Nimeambiwa umekuwa mjusi."

"Mjusi ana maringo, anakaa ukutani. Njoo ulale hapa kushoto kwake. Sura yangu ameshaichoka, inatakiwa mpya, hata ikiwa mbaya."

"Mimi? Na mgongo huu?"

"Mgongo hautakuwa na kazi. Ni tumbo. Wifi, wewe pita kulia."

Walicheka, wakakataa, wakashikana mikono, wakashuka kwa vishindo viwili vilivyoamsha vumbi la mkeka. Anzurat aliinua kichwa. Alimtazama Hosiyat kushoto kwa muda mrefu na kwa uzito, kama aliyekwishasikia habari zake. Akamgeukia wifi kulia, akarudi kwa bibi yake katikati. Hosiyat alianza hadithi ya mtu aliyemwoza binti yake kwa mwenye lori, akaifikisha kwenye lori, sauti ikapungua, ikawa pumzi. Wifi alikuwa ameshatangulia. Chumba kilianza kuelea. Mapazia yalijaa upepo na kupungua, taratibu, kama kifua cha mnyama mkubwa mpole, na Bi Sanavbar alilaza shavu juu ya mkeka, akafumba macho, akaacha mto wa mwanga umbebe.

Alirudishwa na sauti za chini chini. Hakufumbua macho, ni mazoea mazuri kwa mtu anayekaa na watu.

"Wamekufa?" ilinong'ona sauti ya Muyassar. Siku ya kupima ilikuwa kesho, lakini alikuwa anapita kwa mgonjwa wa jirani, na koleo lake lilikuwa mfukoni.

"Wamelala," ilinong'ona ya Oyniso. "Mtoto mwenyewe ndiye yuko macho."

"Mwache hivyo hivyo. Usimnyanyue. Ona shingo hiyo."

Chuma kilisogea. Kikavuka upande wa pili. Bi Sanavbar alishikilia pumzi, akakumbuka kwamba waliolala hupumua, akaiachia.

"Kumi," alisema Muyassar. "Ngoja. Kumi, ndiyo. Bado safari ipo, msiache hata siku moja. Ila barua ya mjini siandiki."

Hatua za nesi zilitoka. Kisha ikasikika simu ikiita mbali, kule kwenye maghorofa, ikaita, ikaita.

"Kumi," alinong'ona Oyniso.

"Kumi nini?" ilisema sauti ya Fayzullo, ikikatika kwa kelele za mashine.

"Ilikuwa kumi na nne. Kofia haitakiwi. Kata tiketi."

Mashine kule zilinguruma. Zikapungua. Walinyamaza kila mmoja upande wake, kama watu waliokaa chumba kimoja.

"Mama yuko wapi?" akauliza Fayzullo mwishowe. "Nipe niongee naye."

"Amelala."

Kidole kidogo chenye mate kiligusa pua ya Bi Sanavbar, kikaipapasa, kikaingia kuangalia ndani kuna nini. Yeye alizidi kuuzamisha uso mkekani, akakoroma, mkoromo mrefu wenye heshima zake, ili Oyniso asije kumwinamia akamtazama kwa karibu, maana mtu aliyelala halii.